Mama wa miaka 71 haamki kwenye kochi bila kushikwa mkono: tuanzie wapi?

Mwambani

Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 71, kilo 62, anaishi Tanga. Presha anatumia amlodipine 10 mg na losartan 50 mg. Sukari hana, kipimo cha mwisho kabla ya kula kilikuwa 5.4. Siku hizi kuinuka kwenye kochi ni mpaka ashikwe mkono, au ajisukume kwa mikono yote miwili. Sokoni anakwenda kwa miguu kila asubuhi, kwenda na kurudi kama dakika 25, kwa hiyo siwezi kusema hafanyi mazoezi. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na mkate au andazi, mchana ugali na mchicha, usiku wali maharage. Jioni miguu inavimba, duka la dawa wakampa Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, anameza usiku akienda kulala. Magoti yakiuma anameza diclofenac. Anasali kwenye kiti, choo ni cha kuchuchumaa.

Hii ni uzee tu tukubali, au kuna la kufanya? Kama ni mazoezi, yapi na mara ngapi?

Fizio_Pwani

Sio uzee tu. Kinachomwinua mtu kwenye kiti ni misuli ya mbele ya paja na ya makalio, na kutembea njia tambarare hakuichoshi misuli hiyo kiasi cha kuijenga. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea hadi sokoni kila siku na bado akanasa kwenye kochi. Mwongozo wa WHO wa 2020 kwa wenye miaka 65 na kuendelea unataka mambo matatu: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi. Mama ana dakika 175 kwa wiki, kwa hiyo la kwanza analo, mradi kasi iwe ya kumfanya aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Mawili yaliyobaki hana kabisa.

Kwanza mpime. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha kukalia sentimita 43 hadi 45, mgongo wa kiti uguse ukuta. Viti vya plastiki kwenye vigae huteleza na miguu yake hutanuka, kwa hiyo kama ndicho mlicho nacho kiegemezwe ukutani na chini iwekwe doormat ya mpira. Mikono aikunje kifuani. Ahesabiwe mara ngapi anasimama wima kabisa ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akitumia mikono, andika sifuri. Msikate tamaa na hiyo sifuri, ndiyo mahali pa kuanzia.

Kama ni sifuri, usimlazimishe. Weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti, kikae juu kwa sentimita 8 au 10. Nyonga zikiwa juu kuliko magoti, mzigo unapungua sana. Kisha mfundishe namna ya kuinuka, maana wengi hawashindwi kwa nguvu peke yake, wanashindwa kwa mkao. Asogee hadi ukingoni mwa kiti. Miguu airudishe nyuma mpaka visigino viwe chini ya magoti au nyuma yake kidogo, vikiachana kwa upana wa nyonga. Ainame mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume chini kwa visigino. Mtu anayejaribu kuinuka akiwa amenyoosha mgongo na miguu iko mbele atarudi kitini kila mara, hata awe na mapaja ya mcheza mpira.

Kukaa ndiko kwenye faida kubwa, na ndiko watu wanakoharibu. Ashuke polepole kwa hesabu ya tatu, asijibwage. Aanze na mizunguko 2 ya mara 5, apumzike dakika moja na nusu katikati, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akifika mizunguko 3 ya mara 10 bila kutweta, punguza blanketi. Blanketi likiisha, abebe pakiti ya sukari ya kilo moja kifuani. Mzigo usipoongezeka, misuli haina sababu ya kukua. Hapo ndipo mazoezi mengi ya wazee yanapokwama: mtu anarudia vilevile miezi sita, halafu anasema hayasaidii.

Baada ya hapo asimame akiwa ameshika meza nzito, apande juu ya vidole vya miguu mara 10, ashuke polepole. Kwa usawa wa mwili, asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, kisha abadilishe. Asiyefikisha 10 ana kazi ya kufanya hapo kila siku. Meza iwe karibu muda wote, na mtu asimame upande wake, sio mbele yake.

Magoti yakiuma kidogo wakati wa zoezi, usiogope. Maumivu ya 4 kati ya 10 yanayotulia kufikia kesho yake asubuhi yanakubalika. Goti likiamka limevimba, rudisha blanketi. Kifua kikibana, kizunguzungu kikimshika au pumzi ikikata, asimamishe na aonwe na daktari kabla ya kuendelea.

kijana_wa_Makorora

Mbona mnamchosha bibi. Aongeze matembezi yawe saa nzima na anywe maji ya ndimu asubuhi, kwisha habari.

Fizio_Pwani

Saa nzima itamsaidia moyo na usingizi. Kwenye kochi atanasa vilevile. Ndimu sina ugomvi nayo.

Mfamasia wa zamu

Ndugu Mwambani, mimi kilichonishtua ni dawa, na mazoezi msianze kabla hili halijaangaliwa.

Amlodipine, hasa kwa dozi ya 10 mg, huvimbisha vifundo vya miguu. Inatanua mishipa midogo, maji yanavuja kwenda kwenye nyama. Mwili haujajaa maji, ndiyo sababu Lasix haiumalizi uvimbe huo. Kwa hiyo mama anameza dawa ya pili kutibu dawa ya kwanza, na hiyo ya pili anaimeza usiku. Matokeo yake ataamka saa nane usiku kukimbilia choo, gizani, presha ikiwa chini. Wazee wengi huangukia hapo hapo.

Halafu diclofenac. Inapandisha presha, inazuia maji na chumvi kutoka, na ikikutana na losartan pamoja na Lasix, figo zinakosa damu ya kutosha. Mchanganyiko huo wa dawa tatu unajulikana kwa kuangusha figo za wazee, hasa siku za kuhara au za joto kali wakati hanywi maji ya kutosha.

Presha msimwachishe wenyewe. Mpelekeni kwa daktari na dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za duka na za mitishamba. Ombeni vipimo vya damu vya kreatinini (kinaonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu. Ulizeni kama amlodipine inaweza kushuka hadi 5 mg na losartan kupandishwa, maana mara nyingi uvimbe hupungua kwa njia hiyo. Daktari pia atataka kujua kama anakosa pumzi akilala chali, au kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine na unauma. Hayo yana sababu nyingine, na mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa magoti, paracetamol 500 mg vidonge 2, kwa siku isizidi 6, au diclofenac ya kupaka badala ya kumeza.

Mpimeni presha kwa namna hii. Alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambieni daktari. Vipimo vya kawaida vya nyumbani achukue asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati kwa kupishana dakika moja, akiwa amekaa na kutulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu. Mkanda usifungwe juu ya mkono wa gauni. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 kwenda juu, presha haijakaa sawa.

Bi Lishe

Hapo kwenye chakula ndipo hayo mazoezi yatakapopotea bure.

Mzee mwenye figo nzima anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 62 ni gramu 62 hadi 74 kwa siku. Hesabu ya mama ulivyoiandika: mkate vipande viwili ni kama 5, ugali wa mchana kama 12, mchicha 3, wali 5, maharage kikombe kimoja kilichopikwa 15. Jumla 40. Na sidhani kama anakula kikombe kizima cha maharage, wazee wengi wanakula mchuzi.

Pengo kubwa liko asubuhi. Mpe mayai mawili (gramu 12) na glasi ya mtindi au maziwa ya mililita 250 (gramu 8). Mchana ongeza dagaa wakavu gramu 30, yaani konzi moja ya kujaa, upate 17 au zaidi. Hapo unapita 70. Dagaa awale na mifupa, apate na kalsiamu. Ila wa huko pwani mara nyingi wamechemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke maji ya moto dakika 10, mwaga, suuza, ndipo mkaange kwa nyanya na kitunguu bila kuongeza chumvi. Kwa mtu wa presha, chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko cha chai kisichojaa, na vile vidonge vya mchuzi vinahesabiwa humo humo. Karibu nusu ya kidonge ni chumvi.

Mtu asikwambie umnunulie unga wa lishe wa nafaka kumi. Nikiona orodha ndefu ya namna hiyo huwa nauliza karanga zimechambuliwa na nani. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu yanaota fangasi wenye sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha uji. Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Kama anapenda uji, saga dona kidogo kidogo, na karanga zilizochambuliwa kwa mkono ziongezwe siku ya kupika.

Msiongeze protini kabla ya majibu ya kreatinini aliyosema Mfamasia.

Mwambani

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Diclofenac nimeiondoa kabatini, miadi ya daktari ni wiki ijayo. Mawili yamebaki. Kusali kwenye kiti kunamdhuru au kunamsaidia? Na akianguka tukiwa hatupo afanyeje?

Fizio_Pwani

Kiti kinamdhuru pale anapokaa sala nzima. Kama shida yake ni kusujudu tu, asimame kwenye kisimamo na rukuu, akae kwa sijda na tahiyatu. Hesabu mwenyewe: katika rakaa 17 za faradhi atainuka kitini mara 12 kwa siku, mara moja alfajiri, tatu adhuhuri, tatu alasiri, mbili magharibi, tatu isha. Zoezi hilo hakuna fizio atakayelifikia. Kiti kiwe kile kigumu chenye blanketi. Wiki mbili za mwanzo hizo zihesabiwe kama sehemu ya mazoezi, na siku za mazoezi mpunguzie mzunguko mmoja.

Kuinuka sakafuni kunafundishwa kabla ya ajali, juu ya mkeka, watu wawili wakiwepo. Ageuke ubavu. Ajiinue kwa kiwiko, kisha kwa kiganja. Aende magoti na mikono, chini ya magoti kuwe na kanga iliyokunjwa nne. Atambae hadi kwenye kiti kizito au kitanda. Mikono yote juu ya kiti, unyayo wa mguu wenye nguvu mbele, asukume, ageuke, akae. Kukaa hapo dakika mbili kabla ya kusimama ni lazima. Simu ndogo aivae shingoni. Simu iliyo kwenye chaji chumbani haimsaidii aliyelala ukumbini.

Akianguka na nyonga inauma, au mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, asisimamishwe. Nanyi mkimkuta chini, msimvute kwa kwapa, mnateguka nyote.

fundi_bomba_Chumbageni

Kwa choo cha kuchuchumaa, tengenezeni kiti cha chuma chenye tundu kinachosimama juu ya shimo, kimo sentimita 45, miguu ivalishwe mpira. Pembeni fungeni bomba la GI (la chuma kilichopakwa zinki) la inchi moja, linashikika vizuri mkononi likiwa na maji na sabuni. Kati ya bomba na ukuta kubaki sentimita 4, zisipungue wala kuzidi sana, la sivyo mkono unapita na kunasa. Tofali zikiwa za tundu, msitumie plagi za plastiki, zinachomoka. Toboa hadi upande wa pili, pitisha bolti, weka bamba la chuma nyuma. Mwanaume wa kilo 80 aning'inie kabla mama hajaligusa.