Rangi ya waridi imerudi mirijani: naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Binti Menengai (Nakuru): Wanajukwaa, hamjambo. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu beta-saiklodekstrini, ile pete ya glukosi 7 ambayo tundu lake hukaribisha molekuli zisizopenda maji. Mgeni wangu ni fenolftalini, rangi ambayo huwa ya waridi kwenye besi na hufifia ikiingia tunduni, katika bafa ya kaboneti (mmumunyo unaozuia pH isibadilike) yenye pH 10.5. Saiklodekstrini ni ileile katika kila mrija, ila fenolftalini naiongeza. Mirija ya mwanzo ilipoteza waridi kama ilivyotarajiwa, lakini kila ninaposonga mbele nguvu ya mfungamano ninayokokotoa inashuka. Sura ya nne inatakiwa Ijumaa. Nifanyeje?

Mzee wa Kakamega: Binti yangu, mimi nilifanya kazi na pirini, mgeni mwingine asiyependa maji. Nilipotia butanoli ya aina ya tert, mfungamano uliimarika badala ya kuvunjika, kwa maana alkoholi iliingia tunduni pamoja na pirini, wakakaa watatu. Usikate tamaa mapema.

Fundi Maabara (Kisumu): Mzee ametaja alkoholi, nami nauliza: dada, hiyo fenolftalini uliiyeyusha katika nini?

Binti Menengai: Katika ethanoli, kwa sababu majini haiyeyuki vizuri. Mrija wa kwanza una ethanoli asilimia 1, wa mwisho 20. Sikuona haja ya kuitaja, kwani ni kiyeyushi tu, na tayari nimeandika kwamba mfungamano wenyewe ni dhaifu.

Fundi Maabara: Si kiyeyushi tu. Ethanoli nayo huingia tunduni, na ingawa hushika kwa ulegevu, wingi wake humsukuma mgeni nje. Vilevile huyafanya maji yasimchukize mgeni sana, hata akakosa sababu ya kujificha. Mirija yako haikupima kitu kimoja.

Mwalimu wa Bondo: Kuandika “dhaifu” huku ukijua ulichotia ni kumdanganya msomaji. Mwambie msimamizi wako ukweli.

Mpita Njia (Eldoret): Kisa hiki nakishuku. Wako wanaoandikia wengine tasnifu kwa malipo, kisha huja hapa kutafuta maelezo. Aliyesimama maabarani atuambie alichokiona kwa macho yake.

Binti Menengai: Nilichukua mrija uliokwisha kufifia, nikautilia ethanoli tupu tone baada ya tone. Juu pakatanda utando mwembamba wa waridi, na nilipoutikisa, mrija mzima ukawa kama maji yaliyosuuzia kitambaa chekundu. Tangu siku hiyo nilijua ethanoli ina neno, nikanyamaza kwa sababu sura ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Mpita Njia: Niwie radhi, dada. Hilo halitungwi.

Fundi Maabara: Basi rudia. Ethanoli iwe asilimia 1 katika kila mrija, pamoja na ule usio na saiklodekstrini, kisha upime ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 550. Muda ukiruhusu, jaribu methanoli, ethanoli, propanoli na butanoli zenye mnyororo ulionyooka. Kadiri mkia wa alkoholi unavyorefuka ndivyo unavyolikalia tundu vizuri, kwa hiyo butanoli kidogo itarudisha rangi ambayo ethanoli huirudisha kwa wingi. Hapo ulichokiita kosa kitakuwa matokeo.

Binti Menengai: Saiklodekstrini iliyobaki inatosha mirija 8. Kesho asubuhi namwendea msimamizi na ule mrija wa waridi mkononi, nimwombe wiki mbili.