Mama amebadilisha mawazo na filamu imekwisha, nifanyeje?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, natengeneza filamu za maisha ya watu wetu. Kwa miezi minane nimemfuata mama mmoja anayebeba mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akipanda toka bandarini hadi soko la Kadutu. Alisaini karatasi ya ruhusa. Sasa binti yake ameposwa, na mama ananiomba nitoe sura yake: hataki wakwe wamuone amejikunja chini ya gunia la muhogo. Shirika lililotoa pesa linasema karatasi inatosha. Mimi naona haitoshi, kwake nimekula ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nibakize sauti na mikono yake tu? Waliopitia hili, mlifanyaje?