Tupeane uzoefu: linia aljebra ya mwaka wa kwanza

Mzee wa Msuli
Wakuu, nimetoka PCM (fizikia, kemia, hesabu) nikijua matriksi, yale majedwali ya namba, ni zangu tangu kidato cha nne. Wiki ya tatu lekchara kajaza ubao kwa masharti kumi ya nafasi ya vekta (kundi la vitu unavyoweza kuvijumlisha na kuvizidisha kwa namba), namba hakuna. Darasa kimya kama msibani. Nyie mlivukaje?

Mtoto wa Genge
Mimi sikuvuka, nilikula sapu (mtihani wa marudio). Kupunguza safu za matriksi nilikuwa mwepesi kuliko wote, ila nikiambiwa "onyesha kama vekta hizi zinategemeana" nakariri hatua tu, sijui natafuta nini. Likizo nikakaa gengeni kwa mama. Mteja kachukua mafungu mawili ya nyanya na moja la vitunguu, 2,500. Mwingine manne kwa mawili, 5,000. Kwa hao wawili bei ya fungu la nyanya huipati hata ukeshe: wa pili ni yule yule wa kwanza mara mbili, hajaleta habari mpya. Akaja wa tatu, moja moja, 1,500. Hapo hapo nyanya 1,000, vitunguu 500. Kumbe kutegemeana ndiko huku! Na detaminanti (namba moja ya matriksi, ikiwa sifuri safu zake zinategemeana) ya wale wawili: mbili mara mbili, toa moja mara nne, sifuri. Sapu nikatoka na C (chuoni kwetu sapu haizidi hapo).

Chaki Mkononi
Nasimamia semina za kozi hii. Mwanafunzi aliniuliza kwa nini matriksi hatuzizidishi namba kwa namba kama tunavyojumlisha. Nikamjibu "ndivyo ilivyo". Jibu la aibu, linanisuta mpaka leo. Sasa naanza na karatasi ya miraba: chukua (1,0), akisi kwenye mhimili wa x, kisha zungusha nyuzi 90 kinyume cha saa, unapata (0,1). Anza na kuzungusha, unaangukia (0,-1). Kila matriksi ni tendo kama hayo, na kuzidisha ni kufanya tendo moja baada ya jingine, ndiyo maana mpangilio una neno.

Bi Takwimu
Aigenivekta je, zile vekta ambazo matriksi inaziacha kwenye mstari wao ule ule? Nilizikokotoa muhula mzima bila kuziona. Vuta kitambaa cha mpira upande mmoja: mistari ya mshazari inageuka, ule wa upande unaovuta unarefuka tu. Ndiyo hiyo!

Mzee wa Msuli
Wa genge, shikamoo. Testi Jumatano, mwenye pasti pepa anitupie.