Tunaenda Vellore kwa matibabu, kuna aliyefika Tirupati na lile ziwa la ndege?

dada_wa_Mwanjelwa
Habari zenu wana Nyanda za Juu. Mwezi wa kwanza naondoka na mama kwenda Vellore, India, tunapandia Songwe mpaka Dar ndo tuunganishe. Waliotangulia wananiambia ukishafanya vipimo unaweza kukaa siku kibao unasubiri majibu na tarehe ya daktari, sasa sitaki mama ashinde lojini anaangalia feni. Nimeona kuna mlima wa mahujaji wa Kihindu unaitwa Tirumala, pale Tirupati, halafu upande wa bahari kuna ziwa la maji chumvi linaitwa Pulicat. Mama ni mzee wa kanisa Moravian na magoti yanamsumbua. Mlima anaweza? Sisi Wakristo tunaruhusiwa? Na hilo ziwa ni zuri kweli au ni picha tu za mtandaoni?

Kihesa_Juu
Kamwene dada, pole kwa kuuguza. Mimi nilimsindikiza baba mdogo hukohuko Vellore. Magoti yasikutishe, ngazi zipo kama 3,550 kutokea Alipiri pale chini ila hizo ni za wenye nadhiri, wengi wanapanda peku na utakuta kina mama wanainama kila ngazi wanaipaka manjano na unga mwekundu, wanafuta jasho wanasogea inayofuata, mpaka juu, yaani nilichoka mimi niliyekuwa naangalia tu. Nyie pandeni mabasi, yanapanda mara kwa mara, na barabara ya kupanda ni yake na ya kushuka ni yake kwa hiyo hamna zile za Kitonga za kukutana na semi kwenye kona. Juu ni kama mita 850, chini ya hapa kwetu, baridi ya Iringa usiitegemee. Pombe, nyama na sigara marufuku, wanasachi pale chini kabla ya kupanda, hata maji ya chupa za plastiki hawataki, beba ya chuma.

Ila angalia kalenda, Desemba na Januari wana sikukuu yao kubwa ya Vaikunta Ekadashi. Januari 2025 watu 6 walikufa kwenye mkanyagano wakigombea tokeni za kuingilia. Siku hizo msisogee.

mtu_wa_Kyela
Ugonile. Hapo kwenye kuruhusiwa ndo kuna mambo. Kupanda mlimani mnapanda tu, kutembea nje, kupiga picha kwa mbali, hamna shida. Kuingia ndani ya hekalu kumwona mungu wao Venkateswara mwenyewe (wengi wanamwita Balaji), asiye wa dini ya Kihindu anatakiwa asaini tamko kwamba ana imani naye. Sio fomu ya jina na namba ya pasipoti, ni imani. Tena kuhubiri dini nyingine kule juu ni marufuku, kwa hiyo mama asije akaguswa na Roho akaanza ushuhuda kwenye foleni 😄

Soweto_Mbeya
Kwani karatasi inauma? Saini, ingia, toka, Mungu anaujua moyo. Mtu kalipa nauli yote ile halafu aishie nje?

mtu_wa_Kyela
Saini yako wewe ni ya bei rahisi mkuu, ya mzee wa kanisa sio.

Soweto_Mbeya
Haya bwana. Ila dada hata ukibaki nje usikose kuona vinyozi. Wanawake kwa wanaume wananyolewa upara kutimiza nadhiri, bure, nywele zinakusanywa hekalu linazipiga mnada, zinaenda kuwa mawigi. Kumbe mwenye nywele kazitoa sadaka, halafu mke wangu ananidai hela ya wigi la nywele halisi hapo Mwanjelwa kama anadai ada ya shule.

Kihesa_Juu
Na chakula jamani. Kuna bwalo kubwa, bure kwa kila mtu, mnakaa kwa safu, wahudumu wanapita na ndoo wanamwaga sambar, mchuzi wa dengu, juu ya wali, ukizubaa kidogo ushaongezewa.

mtu_wa_Kyela
Ni kweli ila mwambie mama mapema kwamba kile chakula na zile laddu (peremende zao za mviringo) ni vitu vya hekalu. Aamue mwenyewe, 1 Wakorintho 8 anaijua kuliko sisi wote humu.

mjukuu_wa_Tukuyu
Mimi nimesoma Chennai, nijibu la ziwa maana naona mmelisahau. Pulicat ni la pili kwa ukubwa India kwa maziwa ya pwani ya namna hiyo, baada ya Chilika, na Januari mmelenga vizuri sana, mvua za kule zinanyesha Oktoba mpaka Desemba, ziwa linajaa, heroe (flamingo) wanakuja. Mkienda mwezi wa tano mtakuta jua kali na tope. Kuna pande mbili. Mji wenyewe wa Pulicat uko kama kilomita 60 kaskazini mwa Chennai, kuna makaburi ya zamani ya Waholanzi waliojenga ngome pale 1613, na wavuvi watawaita mpande boti. Boti msipande, Krismasi ya 2011 moja ilipinduka ikaua familia za watu waliokuja kutembea, na maboya ya kuvaa usitegemee.

Kwa mama ningechagua upande wa Sullurpeta, unatokea Tirupati kwa gari. Barabara ya kwenda kisiwa cha Sriharikota inakatiza katikati ya ziwa, maji huku na huku, dereva anasimama pembeni mama anawaona heroe akiwa kwenye siti yake, vichwa chini wanachuja matope. Nendeni alfajiri. Kisiwani usitegemee kuingia, ndo wanaporushia roketi, ile Chandrayaan-3 ya mwezini ilitokea pale 2023.

Msijaribu vyote siku moja kutokea Vellore. Laleni Tirupati, ila piga simu lojini kwanza, nyingine hazipokei wageni wa nje kwa sababu ya fomu C, ile ya kuripoti wageni wa nje serikalini, wanayotakiwa kuwajazia. Pasipoti tembeeni nazo, kopi hawazitaki. Na daktari aulizwe kama mama anaweza kukaa kwenye gari masaa yote hayo.

dada_wa_Mwanjelwa
Ndaga fijo jamani. Sullurpeta nimeiandika. Nimemsomea mama yote, wali anasema ataufikiria, fomu amecheka akasema huyo wa Soweto aende akasaini yeye.