Naomba msaada kukitambua kifaa nilichorithi kwa marehemu mjomba: kina mikono ya koleo lakini hakina mdomo

MpwaWaFundi

Wakuu, salaam. Marehemu mjomba wangu alikuwa mtu wa kazi za mikono, na katika kugawana vitu vyake mimi nimekabidhiwa sanduku la zana. Nyingi nazijua: nyundo, patasi, randa, misumeno ya mkono, bisibisi. Kimoja tu kimenishinda, na binamu zangu wote nao hawakijui. Mkaza mjomba anakumbuka kukiona mkononi mwa mumewe mara nyingi, ila cha kazi gani hajui.

Nieleze kilivyo. Ni cha chuma, urefu kama shubiri moja, kina mikono miwili ya kubana. Lakini hakina mdomo wa kung'ata kitu. Mbele kuna kigurudumu kidogo, kipenyo chake sentimita mbili hivi, kimekazwa kwa skrubu, na kimezungushiwa namba kuanzia 4 mpaka 12. Ukilegeza skrubu, kigurudumu kinazunguka. Ukibana mikono, kichuma kinatoka ndani kuelekea kwenye kigurudumu. Ukiachia, springi inakirudisha.

Sitaki kukiuza wala kukifanya pambo. Nataka kujua mjomba alikifanyia nini, na kama bado kinafaa nikitumie.

Kijukuu

Pole sana kwa msiba, mkuu. Hicho kwa maelezo yako ni kitobo cha ngozi, cha kutobolea mikanda na viatu. Namba ni ukubwa wa matundu, unazungusha mpaka upate tundu unalolitaka.

Bi Uzi

Samahani Kijukuu, nashona ngozi kila siku na hapo sikubaliani. Kitobo cha kuzungusha kina vijibomba vyenye uwazi katikati, maana kile kipande cha ngozi kinachokatwa lazima kipate pa kutokea. Ndugu ametaja kigurudumu chenye namba, hakutaja vijibomba. Kwa kigurudumu kitupu hutoboi ngozi, utaiminya tu.

Mzawa

Mimi nafikiria koleo la kubania lakiri za risasi, zile zinazofungwa kwenye mita na magunia ili ijulikane kama kuna mtu amefungua. Mzee hakuwahi kufanya kazi ya ghala au ya mita?

MpwaWaFundi

Hapana Mzawa, maisha yake yote ni mbao. Asante Bi Uzi, kweli vijibomba hakuna.

Fundi Randa

Habari zenu. Mpwa, kabla hatujaendelea kubuni naomba ukipeleke kifaa kwenye mwanga mzuri uniangalizie mambo haya. Kichuma kinachotoka, ncha yake ikoje: bapa, ya duara au imechongwa alama? Koleo la lakiri lina alama pande zote mbili, ndiyo maana nauliza. Ukingo wa kigurudumu umenyooka au umekatwa mshazari? Na wapi pamekwaruzika au kung'aa kwa kutumika? Zana ya zamani inaonyesha kazi yake pale ilipolika, siyo kwa umbo lake. Halafu nitajie na vitu vilivyokuwa karibu nayo sandukuni, hata vile unavyoviona takataka.

MpwaWaFundi

Fundi, nimeangalia polepole na kuna jambo sikuliona mwanzo. Vichuma ni viwili, kimoja ndani ya kingine. Ukianza kubana kinatangulia kipana, kinafika kwenye kigurudumu na kusimama. Ukizidi kubana, katikati yake kinachomoza chembamba, upana milimita mbili au tatu, ncha yake bapa, haina alama yoyote. Kifaa kizima kimeshika kutu, ila hiyo ncha inametameta.

Ukingo wa kigurudumu umekatwa mshazari kweli, na mshazari wenyewe haulingani. Penye namba 4 umeingia sana, na unapungua kidogo kidogo hadi kwenye 12 ambako ni kwa kucha tu unausikia.

Vilivyokuwa karibu: tupa ndogo za pembe tatu, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Na vibao viwili virefu, karibu urefu wa msumeno, nimedhani ni mabaki ya kazi.

Fundi Randa

Vibao hivyo usivitupe! Hapo umeniondolea shaka yote. Hicho ni kifaa cha kupindia meno ya msumeno.

Chukua msumeno mmoja wa mjomba wako, elekeza meno juu, uutazame kwa urefu wake kuanzia kwenye mpini. Utaona jino moja limeegemea kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hazikupinda kwa bahati mbaya. Meno yakikaa wima yote, njia inayokatwa kwenye mbao inakuwa na unene ule ule wa bapa la msumeno, na baada ya sentimita chache mbao inalibana, unasukuma mpaka jasho. Meno yakiegemezwa nje kidogo, njia inakuwa pana kuliko bapa na msumeno unapita bila kubanwa.

Kazi ya kuyaegemeza ndiyo inayofanywa na hicho kifaa. Kile kipana kinalishika bapa lisicheze. Kile chembamba kinasukuma ncha ya jino hadi ilale kwenye mshazari wa kigurudumu, ambacho hapo ndicho fuawe. Mshazari ukiingia sana, jino linapinda sana. Ndiyo maana haulingani. Meno makubwa yanahitaji kupindwa zaidi, madogo kidogo tu.

Tupa za pembe tatu ni za kunolea meno hayo hayo. Na vibao vinabana bapa karibu kabisa na meno wakati wa kupiga tupa. Bila hivyo bapa linatetemeka, tupa inapiga kelele na kuruka badala ya kukata. Mjomba wako alikuwa ananoa misumeno yake mwenyewe, ndugu yangu, na zana zote za kazi hiyo amekuachia.

MpwaWaFundi

Nimesoma hapa mpaka nikamwita mkaza mjomba nimsomee. Amesema ndiyo, ule mlio wa tupa alikuwa akiusikia akiwa ndani, na baada ya hapo mzee haongei na mtu mpaka amalize. Asanteni mno.

Sasa maswali. Namba nazitumiaje? Na nitapindaje bila kuharibu?

Fundi Randa

Namba ni hesabu ya ncha za meno kwenye inchi moja. Weka rula, anza kwenye ncha ya jino, hesabu ncha zote mpaka mwisho wa inchi, na ile ya mwanzo imo. Zikiwa 8, legeza skrubu, zungusha 8 ielekee kile kichuma chembamba, kaza.

Kisha pita jino moja, ruka moja, ukipinda yale tu ambayo tayari yameegemea upande wa mbali nawe. Ukifika mwisho geuza msumeno, maliza yaliyobaki. Jino lililoegemea kulia usilirudishe kushoto hata siku moja, litavunjika. Na inayopindwa ni sehemu ya juu ya jino, isizidi nusu ya kimo chake. Ukipinda kuanzia kwenye shina, jino linaweza kung'oka na bapa likapata ufa.

Mama Patasi

Naongezea hapo kwa Fundi, kwa heshima zote. Namba mimi naichukulia kama pa kuanzia tu. Ukiifuata kama ilivyo, mara nyingi meno yanapinda kupita kiasi, hasa kwa mbao kavu na ngumu. Kwa msumeno wa ncha 8 anza na 10 au hata 11, kata kipande ujaribu, ukibanwa ndipo ushuke. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Njia ya msumeno isizidi mara moja na nusu ya unene wa bapa. Mbao mbichi au laini ndiyo inayotaka meno yapanuliwe zaidi, kwa sababu nyuzi zake zinajaa na kubana.

Na tazama upana wa kile kichuma chembamba ulichokipima. Kwenye meno madogo sana kinaweza kugusa majirani wa jino unalolipinda. Wapo wanaokichonga kiwe chembamba, ila kwa kifaa cha urithi mimi nisingekigusa. Kitumie kwenye msumeno wa meno makubwa.

Fundi Randa

Mama Patasi yuko sahihi, afuatwe.

MpwaWaFundi

Nimehesabu. Mmoja una ncha 8. Mwingine ni wa juzi juzi, meno yake nchani yana weusi unaoelekea samawati. Na nilipofuta uchafu kwenye mkono wa kifaa limetokea neno Eclipse.

Mama Patasi

Huo wenye weusi uweke pembeni kabisa. Meno yake yamepitishwa kwenye moto wa ghafla yakakomaa, ni magumu kuliko tupa. Tupa itateleza juu yake, na ukijaribu kuyapinda yanakatika. Ukishakuwa butu haunoleki.

Fundi Randa

Eclipse ilikuwa chapa ya James Neill, kampuni ya Sheffield, Uingereza, mji uliojulikana kwa vyuma vya kukatia. Walitengeneza kifaa hiki kwa namba 77, na ndivyo kinavyofanya kazi: kushika kwanza ndipo kisukume.

Kutu utoe kwa mafuta mepesi na sufu laini ya chuma. Usipeleke kwenye mashine ya kusaga wala usipige msasa mkali kwenye kigurudumu, ukipoteza mshazari ndiyo umekipoteza kifaa. Tone la mafuta kwenye springi na kwenye ekseli, bana na kuachia mpaka kichuma kirudi chenyewe bila kusitasita.

MpwaWaFundi

Meno ya huu wa ncha 8 hayalingani kimo, mengine yamelika. Naanza kupinda au kunoa?

Fundi Randa

Sawazisha kwanza. Pitisha tupa bapa juu ya meno yote kwa urefu wa msumeno mpaka kila ncha iwe na kialama kinachong'aa. Yaliyopoteza umbo yarudishe kwa tupa ya pembe tatu. Halafu pinda, na kunoa kuwe mwisho. Kukagua, ushike msumeno meno yakiwa juu, laza sindano nyembamba katikati ya safu mbili za meno na uinamishe msumeno kidogo. Ikiteleza mpaka mwisho bila kudondoka, meno yamelingana.

Mama Patasi

Kisha chora mstari kwenye ubao ukate. Msumeno ukikuvuta kulia, meno ya kulia yamezidi. Laza bapa mezani, pitisha jiwe la kunolea kwenye ubavu wa meno ya upande huo mara moja tu, kwa mkono mwepesi, ukate tena.