Naomba ushauri: usukani unanasa katikati, shoki ya mbele inavuja

Wakuu, hasa mafundi wa hapa Mombasa, naomba msaada. Pikipiki ni ya zamani, cc 125, shoki za mbele za springi na oili.

Nikiinua tairi la mbele na kuzungusha usukani polepole, unanasa pale katikati kabisa. Nikishika miguu ya shoki kwa chini na kuivuta mbele na nyuma, inagonga. Nikikaza nati ya usukani, kugonga kunaisha lakini kunasa kunazidi. Nahisi vikombe vya gololi (vile vya chuma ambamo gololi za usukani huzunguka) vimeliwa, kwa hiyo kubadilisha gololi peke yake ni kutupa pesa. Je, niweke beringi za koni (zenye rola badala ya gololi)? Kimo chake kikizidi, nati ya juu itabaki na uzi wa kutosha?

Shoki ya kushoto inavuja japo sili (mpira unaozuia oili) ni mpya. Bomba la shoki lina vishimo vya kutu (chumvi ya bahari hii haina huruma) palepale sili inapopita. Ukipitisha ukucha unakwama. Msasa laini na gundi ya chuma vitashika, ama ninunue bomba jipya? Oili nitabadilisha pande zote mbili kwa kipimo kimoja.