Matofali ya kuchoma kwa jengo la ghorofa nne mahali palipokuwa ghala la ngozi, Morogoro

Muulizaji, Kihonda

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi na ndugu zangu wawili tunakusudia kujenga jengo la ghorofa nne lenye nyumba 16 za kupangisha katika kiwanja chetu cha Kihonda, mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa na ghala la ngozi mbichi zilizotiwa chumvi. Ghala bado limesimama. Paa limeanguka, lakini kuta zake ni za matofali mekundu ya kuchoma, na rangi yake jua la jioni linapoyapiga ndiyo iliyotufanya tukatae wazo la kupiga lipu na rangi kama majirani wote.

Msanifu wetu amependekeza fremu ya zege, ukuta wa ndani wa bloku za saruji za inchi 6, na ukuta wa nje wa matofali yaliyoachwa wazi. Tunachobishania ni hiki: tubomoe ghala kwa uangalifu na kuyatumia matofali yale yale, au tununue mapya kutoka kwa wachomaji wa hapa? Na tukinunua mapya, tutatambuaje yaliyo imara? Nauliza kwa sababu niliwahi kujenga uzio wa matofali ya kuchoma, na baada ya masika mawili tu kozi (safu za matofali) za chini zilikuwa zimelika kiasi cha kidole kuingia.

Mhandisi mstaafu

Ndugu yangu, naomba tuanze na chumvi kabla ya kufika kwenye tofali. Ngozi mbichi huhifadhiwa kwa chumvi nyingi, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye ngozi hizo huingia sakafuni, kisha ardhini, kisha hupanda ndani ya kuta. Tofali lililokunywa maji hayo kwa miaka linaonekana zima likiwa kavu. Likilowa na kukauka tena, chumvi huganda na kuwa fuwele ndani ya vitundu vyake na kuubandua uso wake kidogo kidogo. Kwa hiyo matofali ya chini ya ghala lenu, yale yaliyogusana na sakafu na mita moja au zaidi juu yake, msiyatumie kabisa katika ukuta wa nje, hata yawe mazuri kiasi gani. Ya juu yanaweza kufaa. Chukueni kumi kutoka sehemu mbalimbali, yasimamisheni katika sinia lenye maji ya mvua kwa siku saba, kisha yaacheni yakauke. Likitokea tabaka jeupe zito juu ya tofali, mmeshapata jibu.

Ulizeni pia kama ngozi zilikuwa zikihifadhiwa tu au zilisindikwa hapo. Usindikaji wa kisasa hutumia kemikali iitwayo salfeti ya kromu, na hapo kuna mambo mawili: kromu ni suala la afya ya watu na la mahali mtakapoutupa udongo mtakaouchimba, na salfeti hushambulia saruji ya kawaida mpaka msingi na viungo vya matofali vinavimba na kupasuka. Pelekeni sampuli za udongo wa vina tofauti kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla mhandisi wenu hajachora msingi. Salfeti ikionekana, ipo saruji inayostahimili salfeti, na tofauti ya bei yake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kufumua msingi.

Fundi muashi, Iringa

Nakubaliana na mzee hapo juu, na nitasema juu ya kuchagua matofali mapya. Katika tanuru la shambani, matofali ya katikati huiva sana na ya pembeni huiva nusu, kwa hiyo mzigo mmoja huwa na matofali ya aina tofauti. Uzio wako, kwa maelezo yako, ulijengwa kwa yale ya pembeni. Gonga mawili pamoja: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti iliyozibwa. Kisha lipime uzito likiwa kavu kabisa, lizamishe majini saa 24, ulipime tena. Kule Uingereza matofali ya kihandisi ya daraja la juu hayaruhusiwi kunywa zaidi ya asilimia 4.5 ya uzito wake, na daraja linalofuata asilimia 7. Matofali ya matanuru yetu kwa kawaida hunywa zaidi ya hapo, na kwa ukuta ulio juu ya tabaka la kuzuia unyevu hilo linavumilika. Chini ya tabaka hilo ndiko kusikovumilika, kwa hiyo huko tumieni zege au bloku nzito, na matofali yaanze angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi.

Ulizeni pia mchomaji anatumia nini. Wako wanaochoma kwa pumba za mpunga badala ya magogo, na mimi ningewapa hao kazi hata wakizidisha bei kidogo, kwa sababu vilima vyetu vimeshakatwa vya kutosha. Na mwambieni fundi wenu alowanishe matofali kabla ya kuyajenga, yasije yakafyonza maji ya mota kabla haijashika.

Muulizaji, Kihonda

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimewauliza majirani wa siku nyingi, nao wanasema ngozi zilihifadhiwa tu na hazikusindikwa hapo, lakini udongo tutaupima hata hivyo. Swali lililobaki ni idadi: tunahitaji matofali mangapi, na ukuta huo wa nje utashikwa na nini katika ghorofa ya nne?

Msanifu majengo

Kwa tofali la kipimo cha Kiingereza, milimita 215 kwa 65 usoni na kiungo cha milimita 10, mita moja ya mraba huchukua matofali kama 60. Ya kwenu yanaweza kuwa makubwa zaidi, hivyo pimeni kwanza ndipo mpige hesabu, na ongezeni ya kuvunjika.

Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi katika majengo ya namna hii. Ukuta wa nje haubebi ghorofa, lakini ni mzito, na unashikiliwa na vishikizo vya chuma vinavyoingia katika ukuta wa ndani. Januari 2016 ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs, jijini Edinburgh, uliporomoka wakati wa dhoruba. Uchunguzi ulikuta vishikizo havikuingizwa vya kutosha, na shule 17 zilifungwa. Kasoro ya namna hiyo haionekani ukuta ukishapanda. Tumieni vishikizo visivyoshika kutu, na avikague mtu mwingine, si fundi yule yule aliyevifunga, kabla kozi inayofuata haijawekwa.

Jambo jingine husahauliwa mara nyingi: tofali la kuchoma huendelea kutanuka polepole baada ya kutoka tanuruni, ilhali fremu ya zege husinyaa. Kila ghorofa iwe na mhimili wake wa kubeba matofali, chini yake uachwe mwanya uliojazwa kitu laini, na wekeni mwanya wa wima kila mita 10 hadi 12.

Matofali mazuri ya ghala nisingeyatawanya jengo zima, kwa kuwa hayatalingana rangi na mapya. Yawekeni ukumbini na kwenye ngazi, mahali ambapo mvua haifiki na wapangaji watayagusa kila siku.

Muulizaji, Kihonda

Ngazini! Sisi watatu hatukuwa tumelifikiria hilo, na ndugu yangu aliyetaka kuliacha ghala lisimame ameridhika. Jumatatu tunachukua sampuli za udongo, na matofali kumi nitayaweka sinia jioni ya leo.